Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi wa Umma: tuhesabuni na tunaoachwa njiani

Mheshimiwa Waziri,

Naandika nikiwa mtu asiyeona, niliyeomba kazi serikalini kwa muda mrefu, na ambaye siku hizi huwasaidia wenzake kujaza maombi yao: viziwi, wanaotumia kiti mwendo, wenye ualbino, na wengine ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Jina la nchi sikulitaja kwa makusudi. Wenzangu walio chini ya serikali nyingine wananisimulia vikwazo vilevile, kwa hiyo barua hii ni ya kila mwenye dhamana kama yako.

Ombi langu ni moja. Kila zoezi la ajira likikamilika, tangaza watu wenye ulemavu walioomba ni wangapi, walioitwa ni wangapi, waliofanya mtihani wa mchujo ni wangapi, waliofika usaili wa ana kwa ana ni wangapi, na waliopata barua ya ajira ni wangapi. Leo tunapewa takwimu ya mwisho tu, tena ya jumla: asilimia fulani ya watumishi wana ulemavu. Takwimu hiyo haisemi tuliangukia wapi.

Sheria zipo. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo inataka ifikiwe, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa kwenye vyombo vya umma. India ilitenga asilimia 4 ya nafasi za serikali kwa sheria ya mwaka 2016, Ufaransa inadai 6, Ujerumani 5.

Lakini asilimia hizo hupimwa kwa walio ndani. Mtumishi aliyepata ulemavu akiwa tayari kazini anahesabiwa, na ni haki yake. Ila kuwepo kwake hakuelezi lolote juu ya mwombaji aliyekwama nje. Japani iliumbuka kwa jambo hili mwaka 2018, ilipogundulika kwamba wizara na idara nyingi zilikuwa zimeingiza kwenye hesabu ya watumishi wenye ulemavu maelfu ya watu wasiostahili kuwemo. Mwaka uliofuata serikali ikaendesha mtihani maalumu wa ajira kwa watu wenye ulemavu, na waombaji wakazidi 8,000. Watu hao walikuwepo muda wote ambao vitabu vilisema lengo limetimia.

Mheshimiwa, niruhusu nikupitishe kwenye mlango wa kwanza. Tangazo la kazi linatoka likiwa picha: karatasi iliyogongwa mhuri, ikaskaniwa, ikapandishwa kwenye tovuti. Programu ya kusoma skrini, inayonisomea maandishi kwa sauti, ikifika hapo inatamka "picha" na kunyamaza. Nikipata wa kunisomea, naingia kwenye mfumo wa maombi. Sehemu za kujaza hazikupewa majina ambayo programu inaweza kuyatambua, hivyo nasikia "kisanduku cha kuandika, kisanduku cha kuandika, kisanduku cha kuandika", nisijue kipi ni cha namba ya kitambulisho na kipi ni cha mwaka wa kuhitimu. Tarehe ya kuzaliwa haikubali kuandikwa. Lazima ubofye kwenye kalenda, na kalenda yenyewe haifikiki kwa kibodi. Nikivuka hapo naambiwa nichague picha zote zenye taa za barabarani, ili nithibitishe kuwa mimi ni binadamu. Nikiwa natafuta mtu wa kunichagulia, muda unaisha, mfumo unanitoa, na yote niliyojaza yamefutika.

Hapo hakuna afisa aliyenikataa. Hakuna barua ya kunijulisha kwamba sikufanikiwa, na hakuna ninachoweza kukikatia rufaa. Kwenye kumbukumbu zenu, mimi sikuomba kazi.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikiwa na watu wote, WCAG, ilianza kutolewa mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Inaeleza mpaka namna ya kumpa mtumiaji nafasi ya kuongeza muda kabla hajatolewa. Kinachotakiwa ni sharti hilo liwekwe kwenye mkataba wa anayetengeneza mfumo, na watu wasioona walipwe kuujaribu kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Na mfumo wenyewe una uwezo wa kuonyesha maombi mangapi yalianzwa yasimalizike, na yaliishia ukurasa gani. Hesabu hiyo nayo tunaiomba.

Kwa kiziwi kikwazo kinakaa pengine. Binti mmoja niliyemsaidia, mwenye shahada na vyeti vyote vimekamilika, aliandika kwenye maombi kwamba yeye ni kiziwi na kwamba atumiwe ujumbe wa maandishi. Ofisi ikampigia simu. Ikapiga tena. Akaiona simu inawaka mkononi mwake, akatuma ujumbe kueleza hali yake, asijibiwe. Alipokwenda kufuatilia, akaonyeshwa jina lake kwenye orodha, mbele yake pameandikwa "hakupatikana". Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Nimelifikiria neno lile mara nyingi, kwa sababu mtu atakayeisoma orodha hiyo baadaye ataamini kwamba binti alizembea.

Kuna pia vigezo vinavyonakiliwa kutoka tangazo hadi tangazo bila mtu kuuliza vinahitajika kwa nini. Kazi ya mezani inataka leseni ya udereva. Kazi ya kutunza kumbukumbu inataka "afya njema ya mwili na akili", na mtu anayeishi na kifafa, anayetumia dawa zake vizuri na kufanya kazi bila shida, anasoma mstari huo na kufunga ukurasa. Uingereza, kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ilimkataza mwajiri kuuliza habari za afya au ulemavu kabla hajamwahidi mtu kazi, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni kutaka kujua mwombaji atahitaji marekebisho gani ili ashiriki usaili.

Kwenye mtihani, India inaagiza mtahiniwa anayeandikiwa na msaidizi aongezewe si chini ya dakika 20 kwa kila saa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwamba mtahiniwa wa utumishi wa umma ambaye mkono wake unakakamaa anapoandika naye ana haki ya kupewa mwandishi, ingawa hali yake haikufikia kiwango cha ulemavu kilichowekwa. Kwingine, nasikia kwa wenzangu, mwandishi huletwa mtihani ukiwa umeshaanza, na pengine hajui hata kuandika alama za hesabu unazomtajia.

Kanuni ninayoipenda kuliko asilimia yoyote ni ya Ujerumani: mwajiri wa umma analazimika kumwita kwenye usaili mwombaji mwenye ulemavu mkubwa, isipokuwa iwe dhahiri kwamba hana sifa za kazi hiyo. Inamlinda mtu akiwa bado nje, na inamlazimu mwenye kuchuja aeleze kwa nini amemwacha.

Sasa nizungumzie swali linalotunyima usingizi: "Je, una ulemavu?" Kila ninayemsaidia husita hapo. Akijibu ndiyo, anaogopa jina lake litawekwa kando. Akijibu hapana, hatapata mkalimani wa lugha ya alama wala chumba cha chini kwenye jengo lisilo na lifti, na akifika ataonekana alidanganya. Wengi huniuliza nijaze nini, nami sina jibu la uhakika la kuwapa, kwa sababu fomu haisemi nani atalisoma jibu hilo. Ligawanyeni swali. La kwanza liwe la takwimu tu, lisionekane kabisa kwa wanaochuja. La pili liulize: unahitaji nini ili ufanye mtihani na usaili sawasawa na wengine? Hilo liende kwa afisa aliyetajwa kwa cheo, mwenye namba ya kutumiwa ujumbe wa maandishi, na ajibu kabla ya siku ya usaili.

Ninachoomba si kigeni kwa serikali zilizoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi tangu kwenye masharti ya kuomba na kuajiriwa, na inaitaja sekta ya umma waziwazi. Ibara ya 31 inazitaka nchi zikusanye takwimu na kuzitumia kutambua vikwazo na kuviondoa. Najua maafisa wako watauliza kuhusu siri za waombaji. Hoja hiyo ni ya haki. Pale ambapo waombaji wenye ulemavu wa kada moja ni wachache mno kiasi cha kutambulika, jumlisheni kada kadhaa, au toeni hesabu ya mwaka mzima. Majina hatuyahitaji.

Tangazo lijalo la nafasi za kazi, Mheshimiwa, litoke likiwa maandishi yanayosomeka, na mwisho wake pawekwe mambo mawili: mahali pa kuombea marekebisho ya mtihani na usaili, pamoja na tarehe ambayo hesabu ya zoezi zima, hatua kwa hatua, itatolewa kwa umma. Mimi na wenzangu tutaomba nafasi hizo, na tarehe hiyo ikifika tutaitafuta hesabu.

Wako katika kuitafuta haki hii,
Mwombaji kazi asiyeona