Kocha msaidizi naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watu ambao kurasa za michezo, za nyumbani na za huku Marekani ninakoishi, huwataja pale tu wanapofungashiwa virago: makocha wasaidizi. Nitatumia mfano wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, ule wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira mkononi, kwa sababu ndio unaotawala mazungumzo ya watu wa Roanoke, jimbo la Virginia, na kwa sababu si mbali na hapa, katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech mjini Blacksburg, alifanya kazi kwa misimu 33 mtu ambaye sikuwahi kuona habari zake katika gazeti lolote la Kiswahili.

Mtu huyo ni Bud Foster. Alicheza mpira katika chuo cha Murray State, Kentucky, ambako Frank Beamer alikuwa akifundisha, na alipomaliza kucheza akabaki hapo hapo kama msaidizi wa ngazi ya chini kabisa. Beamer alipoanza kuifundisha timu ya Virginia Tech mwaka 1987, alikwenda naye. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu: mwaka 1992 timu ilishinda mechi 2 tu kati ya 11, benchi la ufundi likapanguliwa, na Foster akawa miongoni mwa walionusurika. Kuanzia msimu uliofuata, timu hiyo ilialikwa kila mwaka, kwa misimu 27 mfululizo, katika mechi za kufunga msimu ambazo hupewa timu zilizofanya vizuri. Katika misimu karibu yote hiyo ulinzi ulikuwa mikononi mwake, kwanza akishirikiana na Rod Sharpless mwaka 1995, kisha peke yake.

Mwaka huo wa 1995 makocha hao wawili waliwaletea wachezaji wao kisanduku cha bati cha kubebea chakula, kilichochakaa na kushika kutu, ambacho kilikuwa mali ya mchimba makaa ya mawe. Ndani yake waliweka malengo ya safu ya ulinzi yaliyoandikwa kwenye karatasi, na timu iliposhinda ugenini walitia humo kipande cha nyasi kutoka uwanja ule. Kusini-magharibi mwa Virginia ni eneo la migodi, na kijana aliyekulia huko hahitaji kuelezwa maana ya mtu anayeamka alfajiri, akabeba chakula chake na kushuka ardhini. Kisanduku hicho kilidumu kuwa nembo ya ulinzi wa Virginia Tech hadi Foster anastaafu, na nchi nzima ya Marekani ilikijua. Wazo kama hilo huzaliwa kwa kocha anayekaa na vijana wale wale kila siku, anayejua nani amelala vibaya na nani ana mtihani kesho yake.

Wengi hudhani kwamba kazi ya msaidizi ni kusimama pembeni na kupuliza filimbi. Katika mpira huu, kocha mkuu wa chuo kikubwa ni kama mkurugenzi: huzungumza na wafadhili, na waandishi wa habari, na uongozi wa chuo. Kutazama picha za mechi za mpinzani hadi usiku wa manane, kupanga mbinu za Jumamosi na kumrekebisha mchezaji namna ya kuweka miguu yake ni kazi ya wasaidizi. Kutafuta wachezaji pia kwa kiasi kikubwa ni kazi yao, kwani kila mmoja hupewa eneo lake, akazunguka shule za sekondari na kuingia majumbani mwa watu.

Nimeliona hilo katika nyumba ya jirani zangu, familia ya wakimbizi kutoka Kivu ambao mtoto wao wa kiume alikuwa akitakiwa na chuo kimoja. Kocha msaidizi alipofika aliona viatu vimepangwa mlangoni, akavua vyake bila kuambiwa. Alimuuliza kijana anataka kusomea nini kabla ya kuuliza lolote kuhusu mpira, na kila alipozungumza alimsubiri binti wa nyumba amalize kumtafsiria mama kwa Kiswahili. Mama akamwamini, na kijana akasaini. Msimu uliofuata timu ilifanya vibaya, kocha mkuu akatimuliwa, na wasaidizi wake wakaondoka naye, yule aliyeahidi kumtunza mtoto wa watu akiwa mmoja wao. Kocha mpya alikuja na watu wake. Kijana hakunyang'anywa ufadhili wa masomo, lakini hapakuwa tena na mtu katika jengo lile aliyemjua mama yake, na gazeti la hapa liliandika sentensi moja tu kuhusu wasaidizi walioondolewa, bila jina hata moja.

Nitaambiwa kwamba watu hawa wanalipwa vizuri. Wapo, ni kweli: mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU) kilikubali kumlipa Dave Aranda, aliyekuwa akiongoza ulinzi wake, dola milioni 2.5 kwa mwaka. Lakini hao ni wa kileleni. Anayeanza ngazi hulipiwa masomo ya uzamili na kupewa posho ndogo, huku akifanya kazi saa nyingi sawa na wakubwa wake.

Wala sitaki kuwapamba wote kana kwamba kila aliyebaki msaidizi alipenda mwenyewe. Charlie Strong alianza mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Florida, na mwaka 1999, pale South Carolina, akawa mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa ulinzi au ushambuliaji wa timu yoyote katika ligi kubwa ya kusini-mashariki. Aliporejea Florida aliongoza ulinzi uliosaidia kutwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2006 na wa 2008. Hata hivyo alisubiri hadi Desemba 2009 ndipo Chuo Kikuu cha Louisville kikampa timu awe kocha mkuu. Msomaji atajuaje kwamba mtu kama huyo anarukwa, ikiwa miaka yote hiyo jina lake haliandikwi?

Mwaka 1996 ilianzishwa tuzo ya kocha msaidizi bora wa mwaka, yenye jina la Frank Broyles, kocha wa zamani wa Chuo Kikuu cha Arkansas ambaye wasaidizi wake wengi walikuja kuwa makocha wakuu mashuhuri. Wa kwanza kuipata alikuwa Mickey Andrews wa Florida State. Foster aliipata mwaka 2006. Wawili hao walikutana Januari 4, 2000, mjini New Orleans, katika mechi ya kuwania ubingwa wa taifa. Virginia Tech waliingia robo ya mwisho wakiongoza 29 kwa 28, na Florida State wakashinda 46 kwa 29. Mpaka leo watu wanawazungumzia Michael Vick na Peter Warrick, wachezaji nyota wa mechi hiyo, kwa haki kabisa. Andrews aliendelea na kazi ile ile hadi alipostaafu baada ya msimu wa 2009.

Beamer alipostaafu mwaka 2015, kocha aliyemrithi, Justin Fuente, alimbakiza Foster, jambo ambalo ni nadra sana. Katika mechi ya mwisho ya Foster nyumbani, Novemba 23, 2019, vijana wake waliwafunga Pittsburgh 28 kwa 0, wiki moja baada ya kuwafunga Georgia Tech 45 kwa 0.

Kwetu Tanzania, Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, amekuwa msaidizi chini ya makocha kadhaa wa kigeni waliokuja na kuondoka. Nimesoma mengi kuhusu makocha hao, na machache mno kuhusu kazi anayoifanya yeye mazoezini. Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni dogo: kocha anapoajiriwa au kufukuzwa, liandikwe pia jina la kila aliyemo katika benchi la ufundi na kazi yake, na walau mara moja kwa msimu mwandishi atumwe akamhoji msaidizi mmoja kwa kirefu, wakati timu yake bado inashinda.

Msomaji wako,
Roanoke, Virginia