Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Daftari la Santuri za SRT

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: mikutano minne, orodha mbili, meza yetu kwenye soko la santuri. Sitazirudia.

Niingie kwenye lililoleta maneno. Mwezi Machi niliamua kuondoa daftarini kila santuri ya SRT, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza santuri kwa oda, ambayo hakuna mwanachama aliyeisoma namba yake kwenye sahani yenyewe. Kutoka 612 tumebaki na 388. Wapo wanaosema nimebomoa kazi ya miaka mingi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya mimi, kwa hiyo najua nilichokibomoa.

Kwa SRT, aliyelipa ndiye aliyechagua jina la lebo, na wengi hawakutoa santuri nyingine tena. Kuzifuatilia kwa majina ya lebo ni kutwanga maji kwenye kinu. Kinachoziunganisha ni namba, mfano SRTS/78/CUS 232: 78 ni mwaka, 232 ni oda. Hiyo ni EP (santuri fupi ya nyimbo chache) ya kwanza ya bendi ya Def Leppard, lebo ya Bludgeon Riffola, nakala 1,000. Ilirekodiwa Hull, Uingereza, Novemba 1978, ikatoka Januari 1979. Sisi tuliiandika mara mbili, 1978 na 1979, kana kwamba ni santuri mbili! Anayetetea daftari la zamani anijibu hilo kwanza.

Lebo ya karatasi haitoshi. Zima taa ya juu, shika sahani ukingoni, mulika tochi kwa ubavu sehemu ile laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo, ambako namba huchongwa, kisha zungusha polepole. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Soma pande zote mbili, na uandike hata namba iliyokatwa kwa mstari, kwa sababu huenda inaonyesha oda ilibadilishwa. Isiposomeka, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue taratibu kwa penseli laini. Angalieni 3 iliyofifia, husomeka 8. Na 1 hugeuka 7. "A Porky Prime Cut" ni saini ya fundi aliyechonga sahani, si lebo. Nimeifuta kwenye safu ya lebo mara nne. Picha za intaneti sizikatai, ila nyingi huishia kwenye lebo.

Pengo kati ya namba mbili nalo si ushahidi wa santuri iliyopotea. Huenda oda ilifutwa. Tulikuwa tunazihesabu kama "zinazotafutwa", na wauzaji wakaanza kuzitumia kupandishia bei.

Mtu ameuliza kwa nini tusiagize orodha maktaba. Uingereza sheria inalazimisha nakala za vitabu kuwekwa maktaba ya taifa, santuri hazimo. Hakuna orodha ya kukimbilia.

Wanachama ni 46. Waliolipa ada ni 19. Mkutano wa Machi, ule wa uamuzi, walihudhuria 8, mimi na katibu tukiwemo. Barua za malalamiko zilikuwa 11, na kati ya walioziandika ni 2 tu waliofika siku hiyo.

Mwakani tunatumaini kurudisha baadhi ya zilizoondolewa, na Mungu akijalia kuanza santuri za miaka ya 1980. Mhazini atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti.