Merman wa jukwaani na wa kwenye sahani za muziki

Mhariri,

Mashabiki na wakosoaji wa Ethel Merman, nyota wa michezo ya muziki ya Broadway, New York, aliyefariki 1984, hawataelewana kamwe kuhusu uimbaji wake iwapo kila upande utaendelea kusikiliza rekodi tofauti. Wanaosema alikuwa anapiga kelele tu, wengi wao wameanzia kwenye sahani yake ya muziki wa disko ya 1979. Pale alikuwa na umri wa miaka 71, sauti ikitikisika kila anapoivuta noti.

Alipoanza mwaka 1930, katika mchezo wa Girl Crazy, mwimbaji wa jukwaani hakuwa na kipaza sauti. Merman alipandisha sauti ya kifua, ile nzito tunayoongelea, hadi kwenye noti ambazo wanawake wengi huhamia sauti ya kichwa, iliyo nyembamba zaidi, akatamka konsonanti kwa ukali ili aliyekaa roshani ya juu kabisa apate kila neno. Ukiiweka sauti hiyo karibu na maikrofoni, lazima ichome masikio. Ndiyo maana filamu nazo hazikumtendea haki.

Anayetaka kumhukumu aanze na rekodi ya mchezo wa Gypsy ya 1959, aisikilize hadi wimbo wa mwisho, pale mama anayeigizwa na Merman anapokwama kwenye neno “Mama” na kulirudia.

Lawama moja naikubali: akishaukariri wimbo, aliuimba vilevile kila usiku, na waliocheza naye walilalamika kwamba aliwaimbia watazamaji, si wao. Lakini Annie Get Your Gun, mchezo mwingine aliokuwa nyota wake, ilichezwa mara 1,147, na aliyenunua tiketi usiku wa 900 alipata alichokilipia.

Msomaji wako,
Mpenzi wa muziki wa jukwaani