Mdogo wangu, kuhusu jina la baba

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Nakuandikia hapa kwa sababu najua unapita. Wengine mtakaosoma mnisamehe, haya ni ya watu wawili. Ila kama yumo anayesomea usanifu na hajawahi kusimama mbele ya mashine ya kukatia karatasi, naye akae asikilize.

Nimeuona ukurasa wa mtandaoni uliomtengenezea baba. Niliufungua kwenye simu ya mama makusudi. Mara ya kwanza picha ya juu iligoma. Mama akaenda kugeuza chapati, akarudi, bado inazunguka. Picha moja ilikuwa na megabaiti sita, na mama ananunua bando la siku, unajua. Yale maandishi ya kijivu juu ya weupe nayo macho yake hayakuyapata kabisa. Nikakuandikia. Hukujibu, lakini kesho yake asubuhi picha ilikuwa nyepesi, maandishi yamekolea, herufi zimekua. Mama akasoma mwenyewe, akafika pale ulipoandika habari za baiskeli ya baba, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Siku ile nilikupenda kama zamani.

Na la baba mdogo pia nimelisikia. Tangu macho yake yalipokwisha, simu ndiyo inayomsomea. Kijana wangu wa dukani aliniambia kiolezo ulichotumia kilikuwa kimejitangaza kuwa ni ukurasa wa Kiingereza, ndiyo maana simu ilikuwa inayatamka maneno yetu kwa sauti ya Kiingereza na mzee haambulii kitu. Sasa anasikia. Umerekebisha kimyakimya, hukumwambia mtu. Ndivyo ulivyo ukitaka.

Lakini hicho ndicho kinachoniuma. Kwenye mtandao ukikosea saa nne usiku, saa tano umeshasahihisha, na aliyechelewa kufungua hatajua kama kulikuwa na kosa. Vijitabu 250 vya msiba wa baba, nilivyovichapa mimi, nitavisahihisha kwa kitu gani?

Ulifika dukani Kariakoo saa tatu usiku, kompyuta kwapani. Gari la msiba lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Lushoto. Ulikuja na kurasa kumi, nikakueleza kwamba kijitabu cha kupiga pini kinakwenda kwa nne nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne. Ukakubali vizuri tu. Ukatoa wimbo mmoja na ile picha ya mahafali yako, zikabaki nane. Nikajua tutafanya kazi.

Kisha nikaiona picha ya jalada. Uliichukua kwenye kundi la familia, WhatsApp ilikuwa imeshaibana, imebaki na pikseli 720 kwa upana. Jalada la A5 lina upana wa milimita 148. Ukitaka dipiai 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji pikseli kama 1,750. Nikakuambia sura ya baba itatoka na vigae. Nikakuambia na ile bluu ya nyuma ni bluu ya kioo cha kompyuta, ya RGB, ni mwanga mtupu. Wino hauna mwanga. Una sayani, majenta, njano na nyeusi, na bluu ya namna ile ikishuka kwenye wino inapoa, inaegemea zambarau. Nikakuomba nusu saa tu, nikimbie Ilala kwa shangazi nikachukue picha yenyewe ya studio.

Ukasema, mbele ya vijana wangu wawili: "Dada, wewe kata karatasi. Haya mengine mimi ndiye ninayeyasomea."

Labda umesahau. Mimi nakumbuka hata feni ilivyokuwa inalia.

Ukiwa darasa la tatu, ni nani aliyekuwa anakuletea mikato ya ati pepa, karatasi ile nyororo ya kuchapia, ukachore sakafuni? Baba alikuwa anakanyaga michoro yako akienda kunawa, anaomba radhi kwa mchoro. Ni mimi niliyekufundisha kupepea rimu ili karatasi zisishikane, na vidole vyako vilikuwa vifupi mno, ukalia. Ada ya muhula wako wa kwanza chuoni ilitoka kwenye kadi za michango ya harusi, kamati baada ya kamati, Jumamosi baada ya Jumamosi. Sikudai. Nilitaka uende mbele kuliko mimi niliyeanzia kwenye kukunja na kupiga pini, na umekwenda. Sikutaka ufike huko ndipo unigeukie.

Sasa nifike kwenye jambo usilolijua.

Faili lako lilikuwa milimita 148 kwa 210 kamili. Halikuwa na blidi hata milimita moja, na jina la baba ulikuwa umelisukuma kulia mpaka linagusa ukingo. Mama alitufundisha sote wawili kupinda kanga, hakubagua mvulana wala msichana. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Cherehani ikila ukingo kidogo hakuna anayelia, kwa sababu jina limekaa ndani. Blidi ndiyo hiyo hiyo: unaipa rangi milimita tatu za kuliwa na kisu, na maandishi unayaingiza ndani. Rangi yako iliishia pale pale kisu kinapopita. Ili weupe usichungulie pembeni, ilibidi kisu kiingie ndani milimita tatu. Na ndani ya hizo milimita tatu kulikuwa na mwisho wa jina la baba.

Nililiona. Nililiona kwenye kioo, nikaliona tena kwenye nakala ya kwanza ikiwa bado ina joto mkononi. Nikanyamaza. Ulikuwa umeniambia nikate, nikakata.

Kisu kilishuka mara kumi, vijitabu ishirini na tano kila mara. Ile herufi ya mwisho, a, ikapoteza mguu wake wa kulia, ikabaki c. Kwenye pipa la mikato zikalala nyuzi za bluu, kila uzi una kijiti cheupe kimoja. Hivyo vijiti ndivyo miguu ya a. Nilivitazama nikafunga pipa.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilikuwa sijalala siku mbili. Ati pepa ya gramu 150 haikufika nusu rimu. Kurudia kulihitaji saa tatu nyingine, na mama alikuwa ananipigia kila baada ya dakika kumi kuuliza kama sanda imepatikana. Pale dukani kwetu mteja anaonyeshwa nakala ya kwanza, anaweka sahihi, kilichomo ni chake. Wewe nilikuonyesha. Ulitazama sekunde mbili ukasema sawa. Hilo nalo ulikumbuke. Na bado nasema, ungenisikiliza kwenye picha ningekwambia na jina. Mtu akishaambiwa yeye ni wa kukata tu, mdomo unamfungika, si kwa ubaya. Ningeongea mara ya pili ningelia, na sikutaka vijana wanione nalia kwa sababu ya milimita tatu.

Maboksi niliyapakata kuanzia Mombo mpaka juu, kona zote zile, hata nilipotapika sikuyaweka chini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Wazee wa kanisa wakaanza kugawa, na shangazi akavaa miwani. Alikisogeza kijitabu, akakirudisha karibu, akauliza kwa sauti ile yake isiyojua kunong'ona: "Mbona jina la kaka yangu limekatwa?"

Watu wakageuka. Ukasema, "Muulizeni dada, mashine ni yake."

Nilikuwa nimeshika boksi la pili, bado lina gundi. Sikulifungua. Nusu ya waliomzika baba waliimba bila kijitabu kwa sababu yangu. Ungesema "tumekosea". Mimi ningeitikia pale pale, ningebeba hata fungu lako. Baba alikuwa hatua ishirini kutoka pale uliposimama.

Uliniambia wakati mmoja karatasi inakufa, nisome mambo ya tovuti. Naona. Kadi nyingi za harusi siku hizi zinakuja kama picha ya WhatsApp, kalenda zimepungua, na mimi si kipofu. Nimeanza kujifunza, kijana ananielekeza jioni tukifunga. Lakini kijitabu cha msiba hakiendi popote. Watu wanakitia ndani ya Biblia, kinakaa humo miaka. Kwa hiyo nenda kasimame dukani kwa watu, hata kama si kwangu. Kamwangalie fundi akikunja, uone kurasa za katikati zinavyojisukuma nje kijitabu kikiwa kinene. Maandishi madogo uyape nyeusi moja. Ukichanganya wino nne kwenye herufi ndogo, karatasi ikicheza kidogo tu kila herufi inapata kivuli cha rangi. Fonti zibebe ndani ya PDF, usiniachie mimi nikisie. Na fundi akikuambia neno, mtazame usoni, kwa sababu huenda ana la pili.

Mwezi ujao baba anatimiza mwaka. Mama anataka kijitabu kingine, kurasa nane, watu 120. Amesema tukifanye wote wawili, na alivyosema si kama anaomba.

Jumapili nilikwenda Ilala. Shangazi akafungua Biblia yake, picha ya studio imo, baba na ile tai ya mistari. Kijitabu chetu nacho kimo, kimekunjamana pembeni. Nikakifungua nikidhani nitaiona c. Shangazi alikuwa amechukua kalamu ya bluu akaisimamishia mguu, ukingoni kabisa mwa karatasi, mkono wake ukitetemeka. Ni a.

Picha nimeiskani kwa dipiai 600, ipo kwenye flashi, kwenye droo ya juu, chini ya lupu, kile kioo cha kukuzia. Nafunga saa mbili usiku. Jina utaliweka wewe.

Dada yako