Taarifa ya Mwenyekiti: Dozi Pungufu na Viluwiluwi Wanaosalia

Ndugu wanachama,

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Mimi nitazungumzia dozi pungufu ya Bti, dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi wa mbu, kwenye mashimo ya matofali na mashamba ya mpunga ya Butaleja, mashariki mwa Uganda, kwa sababu hapo ndipo dawa yetu inapopotea.

Bti haiui kwa kugusa. Lazima kiluwiluwi aimeze, fuwele zake ziyeyuke katika utumbo wenye alikali, ndipo sumu iutoboe. Akimeza ya kutosha, hufa ndani ya saa 24. Akimeza kidogo, anaacha kula kwa muda, utumbo unajitengeneza, kisha anaendelea kukua kwa kuchelewa. Ucheleweshaji huu unampotosha mnyunyizaji: anachota maji siku ya pili, haoni pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu), anaandika kwamba dimbwi ni safi. Kumbe pupa watatokea siku ya tano au ya sita, na pupa hali chochote, kwa hiyo Bti haimwezi tena. Kuanzia sasa tuchote siku ya 2 na ya 6, pupa wakihesabiwa peke yao. Mzunguko wa kunyunyiza ubaki siku 7.

Mbu anayetokana na viluwiluwi hao hutegemea chakula alichopata. Aliyeshinda njaa huwa mdogo, mabawa mafupi, na jike wa namna hiyo hutaga mayai machache. Lakini katika dimbwi lililosongamana, dozi inayoua sehemu tu huwaachia waliosalia chakula chote. Hao hutoka wakubwa, na jike mkubwa hutaga mengi. Tukipunguza dawa ili kubana matumizi, tunaweza kuwa tunawalisha mbu.

Upungufu huanzia kwenye kupima eneo. Shimo lililopimwa Februari huwa limetanuka Aprili mvua ikikolea, lakini dawa inapimwa kwa ukubwa wa zamani. Pimeni upya kila mzunguko. Kwa chembechembe za kuchanganya na maji ambazo lebo yake inaruhusu gramu 125 hadi 750 kwa hekta, tukichagua 500, hiyo ni gramu 0.05 kwa mita ya mraba. Pampu ya lita 15 inayotosha mita za mraba 300 itawekewa gramu 15. Pimeni kwa mizani, si kwa kijiko. Tikisa pampu kila mara, la sivyo dawa hutuama chini na nusu ya shimo hupata maji matupu. Penye matope tumieni kiwango cha juu cha lebo: udongo hushika dawa na kuizamisha, na viluwiluwi wa Anofelesi, mbu wa malaria, hula juu kabisa ya maji.

Bacillus sphaericus, dawa nyingine ya bakteria ya kuua viluwiluwi, inataka uangalifu zaidi. Hudumu vizuri katika maji machafu ya mitaro, lakini inategemea sumu ya aina moja, na mbu wa Kyuleksi wamekwisha kujenga usugu dhidi yake Brazili, India na Ufaransa. Tusiitumie peke yake mfululizo.

Kwa wenye jukumu la majaribio: viluwiluwi 25 wa hatua ya tatu ya ukuaji katika kila kikombe, vikombe vinne kwa kila dozi, na vinne visivyo na dawa. Vifo katika visivyo na dawa vikizidi asilimia 20, rudieni jaribio. Walionusurika msiwamwage, wahamishieni maji safi, walisheni, hesabuni siku hadi wawe pupa, kisha pimeni mabawa ya majike.

Mizani zitagawiwa mara baada ya hesabu kusomwa, moja kwa kila kikundi.