Hayo matone si mchezo, Mjomba

Mjomba, shikamoo.

Hela ya salfa ya mikorosho nimetuma nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Somoe asijue kabla mikorosho haijapulizwa. Huku baridi tu.

Kilichoniuma ni kile kikao. Eti nimekaa Ulaya nachezea matone huku Babu anasahau hadi njia ya msikitini!

Ukifungua ubongo wa aliyekufa na Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau uzeeni, unakuta protini iitwayo tau imeganda nyuzinyuzi. Ikiwa nzima, tau hushikiza mirija midogo ndani ya seli. Tunachoshuku wengi ni kwamba kabla ya kuganda hujikusanya matone, kama mafuta juu ya mchuzi. Ndiyo tunayoyaita kondenseti.

Kuyatengeneza kuna adabu yake. Tau unaisafisha kwa kuichemsha: protini nyingine nyingi zinaganda kama yai, yenyewe inabaki majini. Kisha maikromola 10 za tau kwenye bafa ya HEPES, maji yanayozuia uchachu usibadilike, pH 7.4, na kemikali ya PEG asilimia 10 ya kuisonga, maana ndani ya seli kumebanana. Chumvi ikizidi, matone hayatoki. Kemikali ya DTT, milimola 1, usiisahau, la sivyo tau zinafungana kwa salfa iliyomo mwilini mwake. Ndiyo, salfa, Mjomba, hata huku hainiachi! PEG nayo nzito kama asali. Ukivuta pipeti kwa pupa kipimo kinapungua na mapovu yanaingia, na mgeni wa kazi hii hulihesabu povu kuwa tone. Kioo cha kuyawekea kisipopakwa kitu cha kuyazuia yasishike, matone yanatandaa kama chapati.

Halafu hadubini ya leza, naishika mimi, mtoto wa Chikongola, Mtwara, waambie. Tau imetiwa rangi inayong'aa. Unaichoma kwa leza doa katikati ya tone hadi mwanga uzimike hapo. Tone bichi, mwanga unarudi wenyewe, kwa kuwa protini bado zinatembea. Tone lililolala, doa linabaki jeusi. Ni uji wa muhogo uliolala sufuriani: ongeza maji utakavyo, mabonge yako palepale.

Dawa ya kuyayeyusha mabonge hayo kichwani mwa mtu haipo bado, kwa hiyo yule wa vidonge vya stendi msimpe hata mia. Babu apelekwe hospitali ya mkoa apimwe vitamini B12 na tezi ya shingo. Usahaulifu unaoletwa na upungufu wa B12 au na tezi hiyo mara nyingi hutibika. Nauli ya bajaji ipo humo kwenye nusu.

Kuna mtu anakuja? Mpeni pweza mkavu. Nimeota harufu yake.

Mpwao