Taa za reli si za barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay zinapovuma, watu huzieleza taa za reli kana kwamba ni zile za barabarani. Zinafanana rangi tu. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa wakoloni, iling'olewa zamani, kwa hiyo huku Kusini wengi hatujazizoea.

Treni ya mizigo iliyoshika kasi huweza kuhitaji kilometa nzima au zaidi ili isimame. Dereva akingoja mpaka aione nyekundu, amechelewa. Ndiyo maana kila taa humpa habari ya taa inayofuata. Kijani: pita, na taa ya mbele nayo si nyekundu. Njano: kipande cha reli kinachofuata hakina treni, ila mwisho wake kuna nyekundu, anza kufunga breki sasa. Taa iliyozimika kabisa dereva huihesabu nyekundu.

Taa inajuaje? Reli hugawanywa vipande kwa viungio visivyopitisha umeme. Upande mmoja wa kipande hutiwa umeme wa volti chache, upande wa pili kuna swichi ya sumaku. Umeme ukifika, swichi hubaki juu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli (vyuma vinavyoyaunganisha mawili mawili) huziunganisha reli mbili, umeme unapitia hapo bila kuifikia swichi, swichi inaanguka kwa uzito wake na taa inakuwa nyekundu. Waya ukiibwa au umeme ukikatika, huanguka vilevile. Hapo dereva hupitishwa kwa maneno ya mwongozaji, na maneno hukosewa kirahisi kuliko swichi.

Kinachonitia hofu hasa ni kutu. Reli isiyopitiwa mara kwa mara, karibu na bahari kama bandarini kwetu, hushika kutu juu ya uso wake. Gurudumu likikalia kutu haliigusi reli barabara: treni imesimama pale, umeme bado unaifikia swichi, taa inasema kijani. Kokoto zilizolowa chumvi nazo huvujisha umeme, taa ikawa nyekundu bila treni.

Nawaomba wanaosanifu reli yetu waweke vihesabu ekseli kwenye vipande vya pwani. Kifaa huhesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka. Hesabu isipolingana, taa hubaki nyekundu. Kutu haikisumbui. Umeme ukikatika hupoteza hesabu, basi kisirudishwe sifuri kabla mtu hajahakikisha kwamba kipande ni kitupu.

Fundi ishara za reli,
Shangani, Mtwara